Nguruwe Aliyepita Mbele ya Kaka

Mguu wa mume wangu ulioumia ni wa kushoto, mguu wa klachi. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyekuja kutupa pole alisema afadhali ni mguu, ingekuwa tumbo tungekuwa tunazungumza mengine. Nilikuwa nawaitikia, nawamiminia chai, na moyoni nasema: njoo uendeshe lori la maziwa kwa mguu mmoja, ndipo uniambie hiyo afadhali iko wapi.

Ilikuwa asubuhi, mwanzoni mwa majira ya baridi. Shamba letu limelala mgongoni mwa kilima. Juu yake kuna msitu wa miti ya mbao, chini kuna kijito. Baridi ikikaza, msituni hakubaki kitu cha kula, na nguruwe pori hushuka kwetu kwenye viazi. Siku hiyo mume wangu aliwasikia wakikoroma nyuma ya nyumba kabla hajaenda kazini. Akatoka na fimbo na sufuria la kupigia kelele, kama tulivyofanya miaka yote. Kwenye bomba la maji akakutana uso kwa uso na jike mwenye watoto. Jike hakukimbia. Alimpitia paja kama mtu anayefungua gunia kwa kisu.

Daktari alishona nyama, lakini goti lilikataa kukunjika. Baada ya wiki mbili mwenye kampuni ya maziwa akatuma salamu za heri na dereva mwingine.

Kaka yangu mkubwa alikuja hospitalini siku ileile. Kwetu hakuna anayemwita kwa jina, anaitwa Shabaha. Alikuwa mlinzi wa msitu enzi msitu ulipokuwa na walinzi, na kibali chake cha bunduki ndicho pekee kilichobaki kilimani. Akiingia dukani, mwenye duka hufuta kiti kwa kiganja chake kabla hajamkaribisha. Nilimwona kaka amesimama pembeni ya kitanda, kofia mkononi, machozi yanamlengalenga.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "huyo mnyama nitamlaza mimi mwenyewe. Alikuwaje?"

"Mkubwa. Sikio la kushoto limechanika."

"Namjua," akasema kaka.

Sikumuuliza anamjuaje. Nilimshukuru. Kumbuka hilo, kwamba nilimshika mkono nikamshukuru.

Basi kila Jumamosi kaka na wanaume wenzake wakawa wanapanda kuwinda. Kazi yao ilikuwa hivi: wanaume wanajipanga mstari juu ya msitu, wanashuka wakipiga makopo na madebe ili nguruwe wakimbilie chini, na chini kabisa, kwenye upenyo wa bonde, kaka anawasubiri na bunduki. Jumamosi ya kwanza aliua dume. Ya pili, hakuna. Ya tatu, dume tena, na meno yake akayapigilia juu ya mlango wake, palipokuwa pameshajaa meno kiasi kwamba ukiingia unajihisi unamezwa. Ya nne na ya tano, hakuna. Na kila Jumapili nilikuta matuta mapya yamepinduliwa. Nguruwe pori hana adabu hata ya kumaliza anachokula. Anang'ata kiazi nusu, anakitema, anahamia kingine. Udongo wa asubuhi umeganda juu, ukiukanyaga unavunjika kama kigae, na ndani ya vigae hivyo ndimo yalimolala mabaki ya chakula cha watoto wangu na mbegu za msimu ujao.

Juma la sita nilikwenda kwa kaka. Alikuwa amekaa jikoni, anasafisha bunduki kwa kitambaa cheupe kuliko vyote nilivyo navyo mimi kabatini.

"Kesho na mimi nakuja."

Akacheka kidogo. "Dada, msako si kazi ya..."

"Malizia."

Aliniangalia, akameza lile alilotaka kusema. "Si kazi ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani."

"Mgonjwa anajua kuchemsha maji. Nipangie pa kusimama."

Wifi yangu, mke wake, alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua uso. Nilidhani ni vitunguu tu vilivyomtoa machozi.

Asubuhi tulikuwa watu kumi na mmoja. Nawataja watatu kwa sababu ndio waliokuja kuhusika: mwalimu mstaafu, ambaye hata salamu anaitoa kama imla, seremala, mtu mpole wa maneno machache, na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa watu mwenye mdomo usiotulia, anayeitwa Cheche. Kaka alinipanga mwisho kabisa wa mstari, kushoto, palipo na mawe. Nilijua kwa nini. Pale nguruwe hawapiti, na mtu akiteleza hasumbui msako.

Ukungu ulikuwa mzito. Tulipoanza kushuka nilipiga debe langu mpaka viganja vikafa ganzi. Kila pigo nilikuwa namwona mume wangu akijaribu kupandisha ngazi za nyumba yetu, ngazi nne tu, anapumzika kwenye ya pili na kujifanya anatazama mawingu. Hasira ile ilinipa joto kuliko koti.

Nikiwa kwenye mawe hayo, nikaona nyayo mbichi. Kubwa moja, ndogo nyingi, zinashuka kwenye mfereji wa maji ya mvua. Niliita, lakini makelele ya wenzangu yalikuwa yameshasogea kulia, hakuna aliyenisikia. Nikazifuata peke yangu. Mfereji ulinishusha kwa njia ya mkato, na nilipotokeza nilijikuta juu ya jabali, na chini yangu, umbali wa kutupa jiwe, kaka yangu amekaa kwenye kigoda chake cha kukunja, bunduki mapajani, mgongo ameuegemeza kwenye mti.

Kabla sijamwita, kichaka kilitikisika.

Akatoka jike. Sikio la kushoto limegawanyika mara mbili, linaning'inia kama kola ya shati bovu. Nyuma yake watoto watano, wamefuatana mkia kwa pua. Walipita mbele ya kaka hatua nane, labda tisa. Hata mimi ambaye sijawahi kushika bunduki nisingemkosa. Kaka aliinua bunduki. Akamfuata nayo taratibu, kutoka kulia mpaka kushoto, kidole kipo mahali pake. Nilibana pumzi. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, piga, kaka, piga.

Akaishusha.

Jike akavuka kijito na watoto wake, wakapotea upande wa shamba langu. Kaka akatoa leso, akafuta kamasi, akairudisha mfukoni.

Sikumbuki nilishukaje kwenye lile jabali. Nilipofika bondeni wenzangu walikuwa wameshakusanyika, wanapuliza viganja na kukanyaga chini kutafuta joto. Cheche alikuwa anauliza, "Vipi, mzee, mbona hatujasikia mlio?"

"Kwangu hakujapita hata panya," akasema kaka. "Wamevunja mstari juu huko, kushoto. Niliwaambia upande wa kushoto hauna mtu wa maana."

Wanaume wakanigeukia. Seremala aliangalia viatu vyake kwa kunionea huruma. Na kaka yangu, aliyenibeba mgongoni kunivusha kijito hicho hicho nilipokuwa mdogo, alinitazama usoni bila kupepesa.

"Rudia," nikasema.

"Dada, usichukie, mtu yeyote anaweza..."

"Rudia ulichosema. Kwako hakujapita nini?"

 Nilimshika mwalimu mkono, nikamvuta kama mtoto mpaka mbele ya kigoda. Tope la bonde lilikuwa laini, limeshika kila kitu. Nyayo za jike zilikuwa zimekaa pale kama mhuri, na za watoto pembeni, na maji bado yanajikusanya ndani yake. Mwalimu alichuchumaa, akavaa miwani, akapima kwa shibiri. Halafu akapima kwa hatua mpaka kwenye kigoda.

"Nane," akasema kwa sauti yake ya darasani. "Na ni za sasa hivi."

Cheche alianza kucheka, akidhani ni mzaha fulani wa wazee, kisha akaona sura zetu, kicheko kikamfia mdomoni.

"Alikuwa na watoto," kaka akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anawaambia wanaume wenzake. "Mnaelewa? Wadogo. Mkono ulikataa."

"Na mimi nina watoto!" Sauti iliyonitoka sikuijua. "Wanangu mkono wako umewakubalia? Uliniahidi kitandani kwa mgonjwa, ulilia kabisa, ukasema unamjua. Ndiyo, unamjua! Umemwachia mara ngapi? Wale madume unaowatundika meno mlangoni wanazaliwa na nani, wanaokotwa? Kila mwaka unaua baba, unaacha mama, halafu mwaka unaofuata sisi tunakuja kukubembeleza, Shabaha tusaidie, Shabaha kaa hapa, Shabaha kunywa chai!"

"Punguza sauti."

Nilimrushia debe. Sijutii. Lilimpata begani, likadunda kwenye mti, likatoa mlio uliosambaa bonde zima. Hakuna aliyeliokota. Nilipanda kilima peke yangu, na nilipofika nyumbani nilikuta jike na watoto wake wamenitangulia: safu mbili za juu kabisa, zilizokuwa zimesalia salama, zimelimwa.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huenda kweli alimwonea huruma."

Nilimwambia asipotaka na yeye kurushiwa kitu, anyamaze.

Jioni ile, jua likizama, wifi alikuja. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni, ilhali nyumba hii ameizoea kuliko yake.

"Wifi, umemvua nguo kaka yako mbele za watu," akaanza.

"Alizivua mwenyewe. Mimi nimeonyesha zilipoangukia."

Alitaka kukasirika, nilimwona anajaribu, lakini hakuweza. Akashusha pumzi. "Unakumbuka ile miaka miwili ugonjwa ulipowamaliza nguruwe?"

Nilikumbuka vizuri. Tulivuna mpaka tukakosa pa kuweka.

"Nyinyi mlifurahi," wifi akasema. "Kwangu hakubishwa hodi. Alikuwa anavaa asubuhi, anakaa, anangoja mtu amwite. Hakuna. Alikwenda dukani akarudi kimya. Nikamuuliza, akasema amesimama muda wote. Nguruwe wa kwanza walipoonekana tena, yule bwana alipiga mluzi, wifi. Alipiga mluzi akinyoa ndevu. Mimi nikajua."

"Ulijua ukanyamaza."

"Nilijua."

"Mpaka mguu wa mume wangu."

Hapo ndipo alipolia, na safari hii vitunguu havikuwepo. Nilimwacha alie. Watu wanapenda kusema ukishaelewa, hasira huisha. Mimi nilielewa kila kitu: kiti kisichofutwa, bunduki isiyo na kazi, mtu mzima anayengoja hodi. Nikaelewa, na hasira ikazidi, kwa sababu sasa nilijua tumeuziwa kilio chetu kwa ajili ya kiti cha dukani.

Jumatatu nilikwenda kwenye karakana ya Cheche. Nilimchorea kwa chaki sakafuni: kizimba cha nondo, mlango wa kuanguka wenyewe, kamba ya kuuachia imefungwa kwenye chambo. Alikuna kichwa, akafuta mstari mmoja kwa kiatu, akachora wake.

"Hapa ataunyanyua kwa pua. Lazima tuweke kitasa cha kujifunga. Mama, umejifunzia wapi haya?"

"Kwenye mtego wa panya. Ni ukubwa tu."

"Na Shabaha atasemaje?"

"Muulize yeye ukimaliza kuchomelea."

Alichomelea siku mbili, akaongeza nondo za juu bila kuombwa. Seremala alileta mbao za sakafu na mkokoteni wake. Mwalimu alikuja kutoa maelekezo, kwa hiyo kazi ilichelewa saa mbili. Tulikiweka pembeni ya mfereji, nikatia ndani viazi vilivyooza, ambavyo sikupungukiwa navyo. Mlango tuliuzuia kwa waya ukae wazi, ili nguruwe wazoee kuingia na kutoka bila hofu. Siku tisa niliwalisha wezi wangu kwa mkono wangu. Kila asubuhi nilikuta kizimba kimerambwa, na kila asubuhi nilikunja taya na kujaza tena. Siku ya kumi nilifungua waya. Ya kumi na moja, kabla jua halijachomoza vizuri, nikiwa bado kitandani nilisikia vyuma vikilia.

Walikuwemo wote. Jike alikuwa anapiga nondo kwa bega, anarudi nyuma, anapiga tena, povu mdomoni. Nondo za Cheche zilitetema, hazikuachia. Tulitazamana. Nilitegemea kuona shetani. Nikaona mnyama mwenye sikio bovu na macho madogo, anayewaweka watoto wake nyuma yake. Sikumchukia. Mtu niliyemchukia alikuwa nyumbani kwake.

Niliingia kwa kaka bila kupiga hodi. Alikuwa jikoni na soksi, kikombe mkononi. Alikuwa amekonda. Tangu ile Jumamosi hakutoka, na hakuna aliyemfuata.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Chukua bunduki."

"Umemkamata?"

"Vaa viatu."

"Mwite askari wa wanyamapori. Mimi nimeacha."

"Huachi leo. Utaacha kesho. Leo utamaliza kile ulichoniahidi."

Wifi alimletea viatu, akaviweka miguuni pake, akarudi kwenye jiko. Kaka akavifunga kamba polepole, kama mtu anayejifunza.

Tukapanda kilimani. Tulipofika, mume wangu alikuwa ameshapanda mpaka pale kwa mkongojo wake, jasho linamtoka kwenye ile baridi, na Cheche na seremala wamesimama mbali kidogo. Kaka aliangalia kizimba, akaangalia goti la mume wangu, akaangalia tena kizimba.

"Shemeji," akasema, "mimi..."

"Fanya kwanza," mume wangu akamjibu. "Asiteseke."

Alikuwa na mkono mzuri, huo siwezi kumnyang'anya. Risasi moja kwa jike, na jike akakaa chini kama aliyechoka. Kisha kila mmoja wa wale watano, risasi moja moja, bila kukosa. Kila mlio ulikwenda ukapiga kilima cha pili na kuturudia. Nilisimama kando yake muda wote. Nilikuwa nimejiapiza kutogeuza uso, na sikugeuza, ingawa yule wa mwisho alikuwa mdogo, na alikuwa amejificha chini ya tumbo la mama yake.

Kaka alitoa ganda la mwisho, akaegemeza bunduki kwenye kizimba.  Alikuwa analia waziwazi, pua na macho, mbele ya Cheche na seremala.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Sijaridhika," nikasema. "Goti halijakunjika."

Nikaenda kuwachemshia maji wale waliokuwa na kazi ya kuchuna.

Bunduki aliirudisha serikalini mwezi ule, mwenyewe, kwa miguu yake. Meno aliyabandua mlangoni. Sijui aliyapeleka wapi. Dukani, nasikia, mara ya kwanza alipokwenda alisimama, na ni Cheche aliyemsogezea kreti akae. Nguruwe hawajaisha, wala sikutarajia waishe. Msitu ni mkubwa. Ila kizimba kipo, na ufunguo wa kitasa unakaa shingoni mwangu. Mume wangu amepata kazi ya kupima maziwa pale wafugaji wanapoyaleta asubuhi. Anakaa kwenye kiti kirefu na mguu ameunyoosha mbele kama mtu anayeuonyesha.

Siku moja, baridi ikianza kulegea, niliamka nikasikia nyundo. Kaka alikuwa nje, peke yake, anasimika nguzo za uzio kuzunguka shamba langu. Hakuomba ruhusa na sikumkataza. Kesho yake alikuja tena. Siku ya tatu mume wangu, asiyejua kununa, alichukua kiti akakaa karibu naye, na kupitia dirisha la jikoni nikawasikia wakizungumza, halafu wakicheka. Kucheka! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilisimama na mwiko mkononi nikajiuliza mtu aliyepasuliwa paja anapata wapi kicheko, na kwa nini mimi ambaye sikuguswa hata unywele ndiye niliyebaki na donda.

Nikatoka. Wote wawili wakanyamaza kama watoto waliofumaniwa na sukari. Kaka alishika nyundo kwa mikono yote miwili, akangoja. Sijui alingoja nini. Labda salamu, ilikuwa yapata mwezi na nusu tangu nimsalimie.

Nilitembea kufuata uzio wake, nguzo hadi nguzo, nikizitikisa kwa mkono. Zilikuwa imara. Waya umevutwa sawasawa, wa chini umezikwa ardhini ili pua isipate pa kuingia, kazi safi kabisa, na hilo nalo likaniudhi.

"Ile ya nne imepinda," nikasema.

Aliiangalia. "Kidogo tu."

"Imepinda. Ing'oe."

Kaka akaweka nyundo chini, akakumbatia nguzo ya nne kwa mikono miwili, akaanza kuing'oa.